Nani Anamlisha Mtoto? Sahani, Uwanja na Saa za Watoto Wetu

Mzazi wa mjini katika Afrika Mashariki anapokea maagizo yanayogongana. Kliniki inamwonya kuhusu udumavu, huku majirani wakimpongeza kwa kuwa mwanawe kanona mashavu. Kwenye simu yupo anayehubiri kwamba ugali ni sumu na wanga wote uachwe, na hapohapo yupo anayeuza unga wa lishe uliochanganywa nafaka kumi. Shule inataka mtoto awe kituoni saa kumi na moja alfajiri akisubiri basi, arudi jioni na daftari za kazi za nyumbani. Daktari naye anauliza mtoto anacheza muda gani kwa siku.

Katika kelele hizo maswali matatu yamefungwa fungu moja. La kwanza, watoto wetu wanaumizwa na njaa au na shibe? La pili, kasoro iko kwenye chakula au kwenye kukaa tu bila kuuchosha mwili? La tatu, nani abebe mzigo wa kurekebisha: mzazi, shule au serikali? Uchambuzi huu unayafungua maswali hayo moja baada ya jingine, unapima hoja za kila upande, kisha unaeleza panapofaa kuanzia.

NJAA NA SHIBE CHINI YA PAA MOJA

Tuanze na njaa, kwa sababu haijaondoka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Kenya, katika utafiti wa aina hiyo wa mwaka huohuo, ilikuwa na asilimia 18. Nchi zote mbili zimepiga hatua: Tanzania ilikuwa na asilimia 34 mwaka 2015/16 na Kenya asilimia 26 mwaka 2014.

Lakini ndani ya takwimu za Tanzania kuna jambo linalopaswa kutushtua. Mkoa wa Iringa ulikuwa na udumavu wa takriban asilimia 57, nao ni mkoa wa mahindi, maharage na viazi, miongoni mwa mikoa inayolisha mingine. Kwa hiyo ghala lililojaa halitoshi kumkuza mtoto. Tumbo linaweza kujaa kila siku na mwili ukabaki na upungufu, ikiwa kinacholijaza ni uji mwepesi na ugali wa sembe, mboga ikiwa ya kulainishia tonge tu, na mama anayepaswa kumlisha mtoto mara kadhaa kwa siku yuko shambani tangu alfajiri.

Upande wa pili wa sarafu umeanza kuonekana mijini. Mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndizo kanda ambazo bado hazijafikia hapo. Hata hivyo, dalili zipo. Utafiti uliofanywa Nairobi kwa watoto 563 wa miaka 9 hadi 11, na kuchapishwa 2014, ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano ana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na ni takriban mmoja kati ya wanane tu aliyefikisha kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa.

Watu wengi huyaona mambo haya mawili kuwa ni magonjwa ya watu wawili tofauti: njaa ya maskini wa kijijini, unene wa tajiri wa mjini. Ukweli ni kwamba yote mawili hukutana katika nyumba moja, na wakati mwingine katika mwili mmoja. Mtoto aliyekosa virutubishi mapema, kisha akaongezeka uzito kwa kasi akiwa mkubwa, yuko katika hatari zaidi ya kisukari na shinikizo la damu atakapokuwa mtu mzima. Msichana mnene anaweza pia kuwa na upungufu wa damu. Chimbuko ni lilelile: mlo wenye kushibisha lakini usio na mchanganyiko.

MWILI WA MTOTO UNADAI NINI

Kabla ya kupima misimamo, ni vema kujua kipimo chenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kiasi cha kuhema, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli za nguvu zinazoimarisha misuli na mifupa. Kwa watoto wa miaka 3 na 4, mwongozo wa 2019 unataka dakika 180 za kujongea kwa namna mbalimbali, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Dakika hizo si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja, wala hazidai vifaa. Rede, kombolela, kuruka kamba, kuchota maji na kutembea kwenda shule vyote vinahesabika.

Kwa upande wa sahani, miongozo ya lishe ya Tanzania, ambayo kwa miaka mingi imesimamiwa na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa 1973, inasisitiza mchanganyiko wa makundi: nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde, vyakula vinavyotokana na wanyama, mboga, matunda, na mafuta kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha mboga na matunda kuwa angalau gramu 250 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10.

Kwa kipimo hiki, baadhi ya maneno ya mitaani yanaanguka yenyewe. Ugali si sumu. Mtoto anayekua na kukimbia anahitaji wanga, na swali la maana ni ugali wa unga gani na unaliwa na nini. Dona hubaki na kiini na ganda la punje, vitu ambavyo sembe huvipoteza mashineni. Ugali wa dona kwa dagaa na mchicha ni mlo ambao mtaalamu wa lishe yeyote angeuidhinisha.

Unga wa nafaka kumi nao hauna miujiza inayosemwa. Mahindi, mtama, ulezi na mchele hufanya kazi zinazokaribiana mwilini, kwa hiyo kurundika nafaka hakuzidishi lishe kwa kiwango cha idadi yake. Tena karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka na kuhifadhiwa vibaya, unga huchacha upesi na huweza kuota ukungu unaotoa sumukuvu, ile sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Uji wa nafaka moja ulioongezwa maziwa, au ulioliwa na yai, ni salama zaidi na una faida kubwa zaidi.

Sukari ndiyo inayohitaji hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40 na asilimia 5 ni gramu 20. Soda ya mililita 350 yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 35. Chupa moja hiyo karibu imemaliza fungu lote la siku, kabla ya kuhesabu chai ya asubuhi, andazi na juisi ya paketi.

TULIFIKAJE HAPA

Ni rahisi kusema watoto wa siku hizi ni walafi na wavivu. Sababu zenyewe ziko nje ya mtoto, na nne ndizo zenye uzito.

Ya kwanza ni bei na wepesi. Kwenye duka la mtaani, pakiti ya kripsi au juisi ya unga hununuliwa kwa sarafu chache na haiharibiki. Parachichi, yai na samaki ni ghali mno kwa sarafu za mtoto, na huoza. Mzazi anayempa mtoto hela ya kula shuleni anamwingiza sokoni akiwa na mtaji mdogo mno, na soko linamuuzia kile ambacho mtaji huo unaweza: mihogo ya kukaanga katika mafuta yaliyorudiwa mara nyingi, barafu za rangi, ubuyu wenye sukari, visheti.

Ya pili ni muda wa watu wazima. Baba na mama wote wako kazini, foleni imekula saa mbili za jioni, na maharage yanahitaji saa mbili jikoni na mkaa wa kutosha. Chipsi mayai huwa tayari kwa dakika kumi. Chipsi zilishinda kwa sababu zilikuwa jibu la uchovu wa familia, na ushauri wowote wa lishe usiogusa uchovu huo utabaki maneno ya ukutani.

Ya tatu ni ardhi. Michezo ya watoto ilihitaji uwanda, uwe uwanja wa mtaa au kichochoro kisicho na magari. Maeneo ya wazi mengi ya miji yetu yamegeuzwa gereji, vibanda, maegesho na majengo. Shule nyingi mpya za mjini zimejengwa kwenye kiwanja kinachotosha madarasa na lango la basi tu. Vichochoro navyo vimekuwa njia ya bodaboda. Mzazi anayemfungia mtoto ndani na runinga hafanyi hivyo kwa kupenda. Anapima hatari mbili na kuchagua ile anayoiona ndogo.

Ya nne ni ratiba ya shule. Mitihani ndiyo kipimo ambacho shule, mwalimu na mzazi wanahukumiwa nacho, kwa hiyo kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuazimwa na hesabu. Mtoto anaamshwa saa kumi alfajiri, anakaa ndani ya basi, anakaa darasani, anakaa tuisheni, kisha anakaa kwenye kazi za nyumbani. Hata usingizi unaminywa, ilhali wataalamu wanataka saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana. Mtoto asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi na hukosa nguvu za kucheza.

Kwa wasichana kuna mzigo wa ziada. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za wanafunzi milioni 1.6 katika nchi 146, ulionyesha asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi mazoezi yanayoshauriwa: wavulana asilimia 78, wasichana asilimia 85. Kwetu msichana akivunja ungo, kazi za nyumbani humwongezekea na ruhusa ya kucheza humpungukia. Uwanja usio na choo cha faragha na maji humfanya akae pembeni siku za hedhi, na maneno ya wapita njia kuhusu mwili wake humalizia kazi iliyobaki.

CHAKULA AU MAZOEZI?

Watengenezaji wa vinywaji vitamu duniani kote wamependa kusema kwamba shida ni uvivu, na wamekuwa wepesi wa kudhamini mashindano ya vijana. Wapo pia wazazi wanaoamini mtoto akicheza mpira atachoma chochote alichokula. Hesabu haiwaungi mkono. Kwa makadirio ya kawaida, mtoto wa kilo 30 akicheza kwa wastani hutumia kalori 150 hivi kwa saa. Ile soda ya gramu 35 za sukari ina kalori 140. Karibu saa nzima ya mchezo inafutwa na chupa inayonywewa kwa dakika tatu.

Hata hivyo, kuhitimisha kwamba mazoezi hayana maana ni kosa jingine. Mazoezi hujenga moyo, mifupa na misuli, huboresha usingizi na utulivu wa akili, na faida hizo humfikia hata mtoto ambaye uzito wake haubadiliki. Mifupa hasa hujengwa wakati wa ukuaji, na akiba isiyowekwa utotoni ni vigumu kuilipa uzeeni. Kwa ufupi, sahani ndiyo inayoamua zaidi uzito, na uwanja ndio unaoamua zaidi uimara. Anayekutaka uchague kimoja anakupunja.

MSIMAMO WA KWANZA: TUMALIZE NJAA KWANZA

Wanaosimama hapa wanasema mjadala wa unene ni anasa tuliyoiazima. Nchi yenye watoto watatu kati ya kumi waliodumaa itumie shilingi yake kwa wajawazito na watoto wachanga, katika zile siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili.

Nguvu ya hoja hii iko wazi. Madhara ya udumavu kwenye akili na kimo ni magumu kuyarudisha, na waathirika ni wengi. Udhaifu wake ni kwamba inadhani matatizo haya hupanga foleni. Nchi kadhaa za Amerika ya Kusini zilijikuta na unene uliokwisha kuota mizizi kabla ya utapiamlo kuisha. Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi: ikiwa njaa itapigwa vita kwa chakula chochote cha kujaza tumbo, tiba hiyo inaweza kulea ugonjwa mwingine. Mtoto aliyedumaa hahitaji kalori tupu. Anahitaji yai, maharage, dagaa na mboga, vitu vilevile anavyohitaji mwenzake mnene.

MSIMAMO WA PILI: MZAZI NDIYE MWENYE JUKUMU

Hoja hii ina mizizi katika utamaduni wetu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Mzazi ndiye anayenunua, anayepika, anayeweka au kutoweka soda mezani. Ladha hujengwa mapema, na mtoto aliyezoeshwa mlenda na matembele akiwa mdogo hatavikwepa akiwa kijana. Tena watoto huiga: baba anayetembea na kula tunda hufundisha bila kuhutubu.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba hausubiri bajeti ya mtu. Yapo mambo mengi ambayo familia yenye kipato kidogo inaweza kuyabadili wiki hii. Maji yachukue nafasi ya juisi ya unga. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, huku chungwa au ndimu vikisaidia kuyafyonza. Simu zisilale na watoto. Mtoto asiitwe "kibonge" kwa mzaha, kwani aibu humsukuma kula kwa kujificha na kuukimbia uwanja.

Udhaifu wake unaonekana tukiisikiliza methali yenyewe. "Umleavyo" inamsemesha mtu mmoja. Ilifaa katika kijiji ambako karibu kila tonge lilitoka kwenye chungu cha nyumbani na kila mtu mzima mtaani alikuwa mlezi. Leo mtoto wa shule hutumia sehemu kubwa ya siku mbali na macho ya mzazi. Analishwa na muuzaji wa getini, na kiwanda kilichochora katuni kwenye pakiti, na mpango mji uliosahau uwanja. Kumwachia mzazi lawama yote ni kumdai hesabu ya matumizi ambayo hakuyaidhinisha. Pia msimamo huu huzidisha tofauti za kipato: mwenye muda na hela hufuata ushauri, asiye navyo hubaki na hatia.

MSIMAMO WA TATU: SHULE IWE JIKO NA UWANJA

Kundi la tatu linasema shule ndiyo mahali pekee ambapo watoto karibu wote hupita, kwa hiyo huko ndiko mlo na mchezo vipangwe. Mifano ipo. Tanzania ina mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu msingi, unaotegemea zaidi michango ya wazazi, iwe mahindi, maharage au fedha. Nairobi ilizindua mpango wa Dishi na County mwaka 2023, ambapo chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja na mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo, mtoto akilipia kwa kugusisha bangili yenye chipu. Brazili iliweka katika sheria ya mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za taifa za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo.

Faida za njia hii ni nyingi kwa mpigo: mahudhurio, utulivu darasani, soko kwa mkulima, na ladha inayojengwa kwa watoto wa rika moja, ambao huigana kuliko wanavyowasikiliza wakubwa. Vivyo hivyo kwa michezo. Tafiti nyingi zimeonyesha muda unaotolewa kwa mazoezi hauwashushi watoto kimasomo, na mara nyingi umakini wao huongezeka baada ya kucheza.

Lakini udhaifu usifichwe. Mchango wa hiari huacha watoto ambao wazazi wao hawakuchanga, na hakuna somo baya kuliko mtoto kukaa nje akinusa makande ya wenzake. Mlo wenyewe mara nyingi ni makande au ugali na maharage siku tano, bila mboga wala tunda. Ni bora kuliko njaa, ila haujafika. Kuni, maji na mpishi ni gharama ambazo mwalimu mkuu huachiwa peke yake.

Michezo nayo ina kasoro yake. Mashindano ya shule za Tanzania, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ni hazina, yameibua wanariadha na wachezaji, lakini muundo wa mashindano huchuja: wachache wenye vipaji wanakimbia, mamia wanashangilia. Somo la Sanaa na Michezo limo kwenye mtaala wa msingi wa Tanzania, ila somo lisilo na uwanja wala mpira hugeuka somo la kunakili ubaoni.

MSIMAMO WA NNE: SHERIA, KODI NA MIPANGO MIJI

Kundi la mwisho linaona mazingira ndiyo yanayougua, na mazingira hutibiwa kwa sheria. Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza kodi ya vinywaji kulingana na sukari iliyomo, ikisamehe gramu 4 za kwanza kwa kila mililita 100. Kwa kuwa kodi ilifuata sukari, viwanda vilipunguza sukari, na tafiti zikaonyesha kiasi cha sukari ambacho familia hununua kupitia vinywaji hivyo kimeshuka. Chile iliamua kuanzia 2016 kwamba bidhaa zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori kupita kiasi zibebe alama nyeusi mbele ya pakiti, zisiuzwe shuleni, na matangazo yake kwa watoto yabanwe. Ununuzi wa vinywaji vyenye sukari ulipungua kwa karibu robo katika awamu ya kwanza. Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara Jumapili maalumu ili watu, watoto wakiwemo, wakimbie na kuendesha baiskeli.

Nguvu ya njia hii ni kwamba humfikia hata mtoto ambaye mzazi wake hajasoma makala yoyote. Udhaifu upo wa aina tatu. Kwanza, kodi humuuma zaidi maskini, na isipofungamanishwa na faida anayoiona, ataiita unyang'anyi. Pili, ushuru unaotozwa kwa lita bila kujali sukari, kama ilivyo kwa vinywaji baridi Tanzania, huongeza mapato lakini haumpi mwenye kiwanda sababu ya kubadili kinywaji chake. Tatu, sheria huliona duka lenye risiti na hulipita genge, ilhali kaangio la getini ndilo lililo karibu na mtoto. Wala kodi peke yake haitoshi kushusha uzito wa watoto. Hupunguza kinacholiwa vibaya, haileti kinachopaswa kuliwa.

MIZANI

Tukiiweka misimamo hii pamoja, inaonekana kwamba haigombani kama watetezi wake wanavyodhani. Kila mmoja una kipande cha jibu, na tofauti ya kweli ni ya mpangilio: kipi kitangulie kwa fedha chache tulizo nazo.

Uzito wa hoja unaelemea shule. Sababu ni kwamba sahani ya shule yenye dona au makande, mboga ya majani, dagaa au yai mara kadhaa kwa wiki, na tunda la msimu, hufanya kazi mbili. Humjenga aliyepungukiwa na humwepusha aliyezidi na kripsi za getini. Hakuna hatua nyingine inayozijibu njaa na shibe kwa gharama ya sufuria moja. Sharti lake ni moja, na ni zito: mtoto asinyimwe chakula kwa kosa la mzazi. Halmashauri zitenge fungu la kuwafidia wasio na uwezo, na mzazi mwenye nafasi achangie kwa kiwango kinachojulikana na hesabu zisomwe mbele ya kamati ya shule.

Kwa upande wa michezo, biashara ya kubadilishana ni ya wazi: nusu saa ya ratiba kwa siku. Nusu saa hiyo ikilindwa kama unavyolindwa mtihani, na kila mtoto akashiriki, dakika nyingine 30 zinaweza kutoka kwenye kutembea na kucheza nyumbani. Shule isiyo na uwanja inaweza kuruka kamba, kucheza ngoma na ukuti katika kipande cha saruji. Kinachopungua zaidi ni ruhusa, kwa wasichana hasa: nguo inayowapa uhuru wa kukimbia, choo chenye maji, na mwalimu anayewazuia wanaowacheka.

Sheria ije kama ukuta wa kuilinda shule. Kodi ifuate gramu za sukari, na sehemu ya mapato iende kwenye majiko ya shule ili mlipaji aone alichokilipia. Maeneo ya wazi yaliyobaki yapimwe na yapewe hati, maana uwanja ukishajengwa gorofa haurudi. Kwa mama wauzaji wa getini, kuwafukuza ni kuhamisha umaskini kutoka sahani moja hadi nyingine. Wapewe nafasi na masharti: mahindi ya kuchemsha, mayai, viazi lishe, ndizi, matunda yaliyooshwa, na mafuta yasiyorudiwa. Wao wanazijua ladha za watoto kuliko yeyote, na wakishirikishwa watakuwa jiko la pili la shule.

Nyumba nayo ibaki na sehemu yake, iliyo ndogo kuliko lawama inayobebeshwa, lakini isiyo na mbadala. Maji, usingizi, mlo wa pamoja jioni na mfano wa mzazi mwenyewe ni vitu ambavyo halmashauri haiwezi kuvigawa.

KWA MUHTASARI

Swali la kwanza lilikuwa njaa au shibe. Jibu ni kwamba yote mawili yapo, na yanatokana na mlo usio na mchanganyiko, kwa hiyo yanaweza kutibiwa kwa sahani moja iliyopangwa vizuri. La pili lilikuwa chakula au mazoezi. Chakula huamua zaidi uzito, mazoezi huamua zaidi uimara, na saa moja ya mchezo haiwezi kulipia chupa ya soda ya kila siku. La tatu lilikuwa nani abebe mzigo. Shule itangulie kwa kuwa ndiyo inayowafikia wengi kwa usawa, sheria iilinde, na nyumba ikamilishe.

Wahenga hawakukosea waliposema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ila mlezi ameongezeka idadi. Leo methali hiyo inamsemesha pia mwalimu mkuu anayepanga ratiba, diwani anayepitisha ramani, mwenye kiwanda anayepima sukari, na mama wa kaangio getini. Mtoto anakua kama wote hao wanavyomlea, wawe wanajua au hawajui kwamba wanalea.